Mtetea wa Mama Kwenye Ubao wa Saketi

Usiku wa jana niliota nimesimama mlangoni mwa ubao wa saketi, ule wa kijani unaobeba vifaa vya umeme, nao ulikuwa mkubwa kama wilaya. Kwapani nina picha ya mtetea. Ndiyo nembo ya mashine yangu ya kutotoleshea mayai, na aliichora mama, Bi Mwanjaa, mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka. Alisema hatachora tena. Kwa hiyo nilitaka ichapwe kwenye ubao ilivyo, bila kupungua hata unyoya.

Bawabu alikuwa chuma cha kulehemu, amevaa kofia ya mgambo.

"Rangi zinabaki nje, dada," akasema. "Humu kuna mawili tu: wino upo au wino haupo."

Rangi nyekundu ya kichwani ikashuka kwenye karatasi, ikavua viatu, ikaketi kwenye benchi. Njano ikafuata. Hazikununa. Kijivu cha mabawa kilikuwa nukta nyingi mno, zikaanza kuulizana ziende upande gani.

"Na huu?" Bawabu anaelekeza ncha yake ya moto kwenye mstari wa mgongo wa mtetea, unaopindapinda. Anaupima. "Mwembamba kuliko kipimo. Hauchapiki, utafutwa."

"Huo ni mkono wa mama," nasema.

"Pole. Kipimo hakina mama."

Mimi si mtu wa kubembeleza mabawabu. Nikampita.

Mara mimi na mtetea wangu tupo ndani. Mto wa shaba unapita mbele yetu bila sauti, unang'aa mpaka macho yanapokoma, na visima vyake vina midomo ya dhahabu. Nilivua kandambili bila kuambiwa. Miaka yote nimeuchora mto huu kwenye kompyuta, kama njia ya umeme tu, huku natafuna karanga, na sikujua ni mzuri kiasi hiki. Niliogopa, kisha nikafurahi kwamba naogopa.

"Shikamoo," nikauambia.

"Marahaba," ukaitika mto. "Mwache kuku aseme mwenyewe."

Mtetea akainua kichwa kwenye karatasi, akatetea mara moja. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Nukta zote za kijivu zikageuka.

"Msaragambo! Kazi ya wote," anasema mtetea. "Mstari wa mama unazama."

Zikaja makundi makundi. Kila nukta ilipofika mtoni ilibidi ichague, iwe wino au isiwe kitu, nazo zilichagua kimya kimya. Zilizokuwa wino zilijipanga bega kwa bega na mstari, kushoto na kulia, zikiushikilia kama watu wanavyomshika mfiwa. Zilizobaki zilirudi nyuma ili mstari uonekane, zikatoweka. Nililia, sifichi.

Bawabu, aliyetufuata ndani, anaupima mstari tena. Anavua kofia.

"Umetosha. Ila mtetemo bado umo."

"Uache. Ndio wa kwake."

"Ukichapwa humu, hautoki tena."

"Chapa," nikamwambia.

Nikaamka kumekucha. Mama alikuwa amesimama kando ya kitanda, mkono wake wa kulia umebeba kisahani chenye kikombe cha chai, kimejaa mpaka ukingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amka unywe, itapoa."

Nilipokea kwa mikono miwili. Kisahani kilikuwa kikavu.