Kijiko cha Badawi

Maji hayakuingia kwa mlango. Watu wakimuuliza Sumeiya habari za mvua ile ya Aprili, hutarajia awasimulie barabara za Al Twar, mtaa wao katika nchi ya Waarabu, zilivyogeuka mto na magari yalivyokwama maji yakiwa madirishani. Hayo aliyaona kama kila mtu. Lakini yaliyoingia nyumbani kwa Bi Jokha yalitoka chini, kwenye kitundu cha sakafu ya choo cha wageni. Kwanza walitoka mende, mmojammoja, kisha kwa makundi, wakiparamia ukuta. Halafu kitundu kikakoroma, kikatapika.

Maji yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa iliyochacha, na juu yake vilielea vitu ambavyo Sumeiya hakuvitazama mara mbili. Nepi ya mtoto wa jirani asiyejulikana ilitoka bafuni, ikapita ukumbini, ikazunguka meza ya kulia na kutulia hapo, imefura. Harufu ilimwingia mdomoni kabla ya kumfika puani. Alimshika Bi Jokha kwapani, wakapanda ngazi, wakakaa juu siku mbili wakisikiliza nyumba ikicheua.

Bi Jokha alikuwa mjane wa miaka sabini, ukoo wake umetoka Unguja zamani, na nyumba ile aliachiwa na marehemu mumewe. Magoti yalikuwa yamemchoka, kwa hiyo maisha yake yote yalikuwa chini: chumba chake, jiko lake, mahali pake pa kuswalia. Sumeiya, binti wa Malindi, alikuwa na mwaka wa tatu akimpikia na kumfanyia usafi. Hakuwa msemaji. Siku nyingine ingepita nzima na yeye hajatamka zaidi ya "naam, bibi".

Siku ya tatu maji yaliposhuka, Bi Jokha aliipigia simu kampuni ya bima, akafungua sauti ili asikie vizuri. Karani akasema wasiguse kitu. Wapige picha, waache kila kilichoharibika mahali pake, mkaguzi atakuja.

"Lini?"

"Wiki hii au ijayo, madam. Inshallah."

Bi Jokha akakata simu. "Wiki ijayo. Niswali wapi mpaka wiki ijayo? Juu ya mavi ya watu?"

"Bibi, wamesema picha..." alisema Sumeiya.

"Picha ya najisi utaiweka wapi, mwanangu? Toa."

Wakatoa. Mazulia, magodoro, viti vya sebuleni, mapazia, vyote vilikokotwa hadi kwenye pipa kubwa la taka mwisho wa barabara. Sumeiya alifunga leso puani, akakwangua sakafu kwa kisu, akasugua kuta kwa brashi. Bi Jokha alikaa kwenye ngazi akihesabu maji: ndoo ya kuondoa, ndoo ya kusafisha, ndoo ya kutwaharisha, na tena, mpaka isibaki rangi wala harufu. Ndipo alipotandika mswala wake chini, akalia kidogo kabla ya kuswali.

Baada ya siku mbili kuta zilianza kuvimba. Plasta ikamwagika kama unga, milango ikakataa kufunga, umeme wa chini ukafa. Fundi alikuja, akabonyeza ukuta kwa kidole, kidole kikazama. Pasipo fidia ya bima hapatengenezeki, na pasipotengenezwa Bi Jokha atabaki juu, akishuka kwa kuteleza na makalio ngazi moja baada ya nyingine kila akitaka kuona mlango wake mwenyewe.

Hapo ndipo alipojitokeza Badawi, mtoto wa kaka yake Bi Jokha. Alifika saa nne asubuhi ya siku ambayo mkaguzi angekuja saa tano, amejifukiza udi mpaka kope zinanukia. Akatembea sebuleni, akatikisa kichwa.

"Mmeosha? Nyinyi ni wazimu? Mkaguzi atalipa nini hapa, usafi wenu?"

Akamgeukia Sumeiya.

"Lete ndoo mbili. Yalla."

Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja kitupu, na maji ya mafuriko yalikuwa bado yamelala pale, yameota kijani, mainzi juu yake. Badawi alikunja kanzu, akachota. Akaingia akamwaga sebuleni. Akarudi, akachota tena, akamwaga chumbani kwa Bi Jokha, kwenye ile ile sakafu ya mswala. Akalivuta zulia moja bovu kutoka kwenye gari lake, akalilowesha, akalitandaza. Yote aliyafanya akipiga mluzi. Mwisho akajifuta mikono kwenye kitambaa cha meza ambacho Sumeiya alikuwa amekipiga pasi jana.

"Akikuuliza, sema imekuwa hivi tangu siku ya mvua. Televisheni kubwa ilikuwa pale, imeungua. Mazulia yalikuwa sita, ya Irani. Umesikia?"

"Yalikuwa mawili," alisema Sumeiya.

"Unaongea kumbe. Sita. Au unataka bibi yako aozee juu?"

Uchafu wa mvua ulikuja wenyewe, haukumjua mtu. Huu uliletwa na mkono wa ndugu, mkono unaonukia udi. Sumeiya aliona unyuzi wa kijani ukitambaa kwenye mistari ya vigae aliyoisugua kwa mswaki. Akapanda ngazi mbio, akasimama mbele ya Bi Jokha.

"Bibi," alisema, "shuka unuse."

Bi Jokha alimtazama usoni. Akashuka, ngazi baada ya ngazi, amekalia makalio, Sumeiya akimshika kisigino. Alipofika chini aliona ndoo mbili zenye ukijani na zulia asilolijua, na hapo kengele ya mlango ikalia. Mkaguzi alikuwa kijana aitwaye Irshad, mtu wa Mombasa, viatu amevifunika mifuko ya plastiki.

"Karibu, karibu," Badawi alimwahi. "Tazama mwenyewe hali. Tangu siku ya mvua, wallahi."

Bi Jokha alikuwa bado amekaa kwenye ngazi ya mwisho. "Maji haya ameyaleta huyu, asubuhi hii, kwa ndoo," alisema. "Zulia ni la kwake. Nyumba yangu niliiosha siku ya tatu, kwa sababu naswali. Waliniambia nisioshe. Niliosha."

"Shangazi amechanganyikiwa, mzee huyu..."

"Khalas, Badawi. Nenda nje, unanuka."

Irshad alichutama, akagusa maji, akanusa kidole, uso ukamkunjamana. "Mama, umefanya vizuri kusema. Ningeandika madai ya uongo na kampuni ingekataa yote, hata ya kweli. Lakini kama mliosha, nitaona nini?"

Sumeiya alikuwa anajua.

"Nyuma ya kabati," alisema.

Lilikuwa kabati la mninga, zito mno, wanawake wawili hawakuweza kulisogeza siku ya kuosha. Irshad na yeye walilisukuma. Nyuma yake ukuta ulikuwa umebeba mstari mweusi ulionyooka, usawa wa goti, umekaukiwa na makaratasi, nywele na mabawa ya mende. Uvundo ulitoka kama mtu aliyefungiwa. Irshad akageuka pembeni, akakohoa, kisha akapima, akapiga picha.

Alipomaliza alimwonyesha Bi Jokha barabara kupitia dirishani. Ilipotengenezwa upya iliinuliwa, nyumba ikabaki chini yake. Mvua kubwa ikija, mabomba hujaa, na maji hutafuta tundu lililo chini kuliko yote. "Hilo tundu ni choo chako, mama. Weka vali ya kuzuia maji yasirudi. Na waraka wako wa bima usomewe neno kwa neno kila mwaka. Safari hii mafuriko yamo. Kwa wengi niliowatembelea hayamo."

Bima ililipa kuta, milango na umeme. Mazulia na viti haikulipa, kwa sababu havikuonekana.

Ijumaa moja, rangi mpya ikiwa bado inanukia, Badawi alikuja mchana bila kuitwa, kama ada yake, akakaa kwenye mkeka na kukunja mkono wa kanzu. Sumeiya aliweka sinia la pilau katikati. Badawi akanyoosha mkono. Ulikuwa mkono ule ule uliochota maji ya kijani.

"Ngoja," alisema Bi Jokha. "Sumeiya, mwanangu, mletee mgeni sahani yake. Na kijiko."

Badawi hakuwahi kuitwa mgeni katika nyumba ile. Alikitazama kijiko kilipowekwa mbele yake. Bi Jokha alikuwa ameshamega tonge, na kwa mkono mwingine alikuwa akimwonyesha Sumeiya mahali pa kukaa, kwenye sinia, upande wa nyama.