Amina ya Ghorofa ya Nne

Jengo letu pale mtaani Berea halikuwa na kengele, lilikuwa na Mama Clémentine. Aliuza sombe, majani ya muhogo, getini, na akiwaona watu wa uhamiaji alianza tenzi kwa sauti ya kufufua maiti. Hapo kila mtu afunge mlango, azime jiko, amzibe mtoto mdomo. Hatari ikipita aliimba Amina ndefu, kila ghorofa ikaipokea na kuipeleka juu, nasi tukapumua.

Asubuhi hiyo nilikuwa namsuka binti yangu Benita, tenzi ikaanza. Nikazima jiko, nikafunga. Kitana kilinidondoka, nikabaki kukiangalia sakafuni kama zuzu.

Kumbe si uhamiaji. Koridoni nilisikia sauti ya Jeptoo, wakili Mkenya aliyekuja kanisani kwetu Jumapili. Alitueleza kwamba serikali kuu huipa manispaa pesa za kuwahifadhi wanaofukuzwa majengoni, na mahakama imeiamuru ije ituhesabu. Mara ya kwanza watu wa manispaa walipokuja tulijificha wote, wakaondoka wakisema jengo ni tupu. Wakisema hivyo tena, wale wanaume wa ovaroli nyekundu wanaokodiwa kuhamisha watu watatutupia magodoro barabarani na baridi hii ya Julai, na manispaa haitadaiwa hata turubai.

Mama Clémentine alimcheka wakili wa watu. Alisema serikali haihesabu watu ili iwape, inawahesabu ili iwachukue. Basi alipoona fulana za manispaa hakungoja kuuliza, akaimba. Eish, mama huyu!

Waligonga kwa Gaël, jirani yangu. Kimya. Nilijua yumo ndani na mama yake mgonjwa, wamebana pumzi. Afisa akasema hakuna mtu, viatu vikaanza kuja kwangu.

Niliogopa, sitaficha. Karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa imepitwa na muda. Na kama Jeptoo mwenyewe amedanganywa? Kama gari la polisi linangoja nyuma ya jengo? 

Benita alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, ila hunijibu kwa Kizulu. Akaninong'oneza kwa hicho Kizulu chake: wakitutoa, tutalala wapi?

Nikafungua mlango, nikasimama mbele ya yule afisa, nikaimba Amina.

Ghorofa ya tatu ikaipokea. Ya pili ikaipokea. Makufuli yakaanza kulia, milango ikafunguka, watu wakatoka wakitabasamu, na walipoziona zile fulana tabasamu likawafia usoni. Gaël alinitazama kana kwamba nimemchoma kisu. Yesu wangu, sijawahi kuogopa macho ya watu namna ile.

Mama Clémentine akapanda ngazi akihema, mikono ingali na majani ya sombe.

"Nani ameimba Amina yangu?"

"Mimi, mama."

Nikangoja kofi. Akanipita, akaenda kusimama mbele ya mlango wake.

"Kama umetuuza, basi tuuzwe wote," alisema, akamgeukia afisa. "Andika. Clémentine. Naishi hapa."