Boti ya Sita

Maji yaligeuka kutoka buluu kuwa kijani, kisha rangi ya chai ya maziwa, nami nikajua tumefika juu ya matumbawe ya Marodoka, kisiwani Nosy Be, na bahari inakupwa. Mbele yetu hapakuwa na mtu. Nyuma, boti tano zilinguruma, ya fundi mwenzetu Boinali karibu kuliko zote.

"Inama, Hayrat! Sogea mbele!" mume wangu Mahamoud alipaza sauti.

Niliinama, kitambaa changu cha shiromani nimekifunga kiunoni. Matumbawe sikuyaogopa. Niliogopa msumari.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa uhuru kutoka kwa Wafaransa. Kwetu Mahajanga, mashindano ya boti za injini yalikuwa ya Wafaransa, na boti zao zinazong'aa kama sahani za harusi. Ndipo mafundi wa mtaa wetu wa Ampisikina walipoomba daraja lao wenyewe la mashindano: boti ya mbao iliyoundwa nyumbani, injini moja ndogo, watu wawili ndani. Mwaka wa kwanza zilitoka tatu. Wa pili, tano. Wa tatu tulipakia saba kwenye meli, tukaenda Nosy Be.

Pale gatini mkuu wa klabu ya Wafaransa alisema kwa Kifaransa, Mahamoud akanigeuzia kwa Kikomoro: leo zikimaliza sita, daraja lenu litaendelea. Zikimaliza tano, mwakani mtakaa kutazama.

Boti ya mwenzetu Kamardine ilijaa maji kabla hatujafika mbali. Zikabaki sita, pamoja na yetu.

Wajukuu zangu hucheka nikifika hapa, lakini ngoja niseme kama ilivyokuwa. Propela hushikwa na pini ya shaba, fupi kama nusu ya kidole. Ni laini makusudi: propela ikigonga mwamba, pini hukatika, injini hupona. Mahamoud alinieleza hayo. Lakini mimi ni binti wa fundi mashua, na kwetu msumari unaokatika ni aibu ya nyumba nzima. Asubuhi ile aliponiambia nitie pini mpya, niliiminya ya shaba kwa koleo, ikapinda. Nikaona takataka. Nikakata msumari wa chuma, nikausugua kwa tupa mpaka ukaingia sawasawa. Nilijisifu moyoni, wala sikumwambia.

"Zima injini," nilisema, matumbawe yakiwa chini yetu.

"Nini?"

"Zima! Nimetia chuma kwenye propela. Msumari wa mashua."

Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "We mwanamke! Bendera ya kumalizia ile pale, huioni?"

Niliiona, nyekundu, karibu kabisa. "Tukigonga, meno ya injini yatasagika. Zitabaki tano."

"Nitapita."

"Hapa maji hayafiki goti, Mahamoud."

Aligeuka kumtazama Boinali. Akaiangalia tena bendera. Kisha akazima injini.

Aliinua injini, akalala kifudifudi ukingoni, mimi nikimshika miguu. Msumari ulikuwa umekaza kwa kazi yangu nzuri. Aliugonga kwa nyundo, kila pigo kana kwamba ananipiga mimi. Boinali akatupita, na mwenzake Soulé akapiga kelele, "Mmeshuka kuoga?" Wakapita wengine, mmoja mmoja, hata wa mwisho.

Tulitia pini ya shaba. Hatukwenda mbali, tukagonga. Pini ikakatika, injini ikalia bila kusukuma kitu. Tulitia ya mwisho tuliyokuwa nayo, tukajikokota kama bata.

Ufukweni, mwenye saa alikuwa ameshakunja meza yake. Lakini watu wa boti tano walikuwa wamesimama majini hadi kiunoni, wakituangalia. Soulé alitaka kutukimbilia atuvute. Boinali akamkamata shati.

"Asiwaguse mtu! Mnataka wafutwe? Mpaka wavuke mstari!"

Tulivuka. Hapo ndipo mikono yote ilipotushika, boti ikainuliwa nusu kutoka majini, na Boinali, aliyeshinda, akawa analia na kututukana kwa pamoja: "Mmetuzeesha, nyie!" Mwenye saa akakunjua meza, akaandika boti ya sita.

Mahamoud alinipa mkono nishuke, lakini hakunitazama usoni.

Mwaka uliofuata, kwetu Mahajanga, zilijipanga kumi na moja. Mahamoud alimpakia binamu yake badala yangu. Mimi nilibaki gatini, nikizihesabu zinavyorudi.