Glavu za Seremala

...na lile lori likapita, upepo wake ukamsukuma, yeye na baiskeli yake, hadi majanini, mguu mmoja chini, mwingine juu ya pedali, moshi umemjaa kinywani kama masizi ya sufuria, akatema, akatema tena, wapi, na mbele barabara imebanwa na miamba pande zote mbili, hakuna hata shubiri moja ya kukwepea, na hapa pembeni mbwa aliyegongwa sijui lini, amevimba, nzi wanapanda wanashuka, na kaka yake, kaka wa tumbo moja, amekaa hatua tatu tu kutoka kwenye mzoga anakula yai la kuchemsha kwa vidole vyeusi vya grisi, kiini kimemganda kwenye masharubu, "Likipita linalofuata tunaingia, dada, dakika mbili tu," dakika mbili, juzi pia zilikuwa dakika mbili, kwenye ule mteremko, seremala yuko mbele, rafiki yao tangu utotoni, wa tatu wa safari hii ya baiskeli, honi ikalia nyuma, akakwepea kwenye kokoto, akaruka, mfupa wa bega ukavunjika ka!, yeye huku nyuma aliusikia... na kaka akakimbia, akainua nini? baiskeli, akazungusha gurudumu, "Rimu haijapinda," Mungu wangu, mtu analia chini na huyu anakagua rimu, na kule wodini, harufu ya dawa na mikojo, seremala akasema "Nyinyi endeleeni" huku ameukazia macho ukuta, "Umesikia? Mwenyewe karuhusu," kaka huyo, mbio kwenye baiskeli... sasa analamba vidole, chumvi na grisi pamoja, dada mtu anataka kumwambia wewe si mtu, wewe huna hata haya, na macho yanamshuka kwenye mikono yake mwenyewe, glavu hizi za ngozi, si zake, zake zilitoboka, hizi alizichukua juu ya kabati la wodini seremala alipopitiwa na usingizi, nimeziazima tu, alijiambia, bega limevunjika, atazifanyia nini, na zikamkaa sawasawa, akafurahi, alifurahi!... "Unangoja nini?" kaka anauliza, lori jingine linanguruma ndani ya miamba, anazivua, moja, ya pili, jasho limezigandisha kwenye ngozi, "Narudi hospitali," "Kwani unaumwa?" hajaelewa, hataelewa leo, lori linawapita, vumbi, nzi, siku mbili nzima za kurudi nyuma, milima ile ile, na akimkuta seremala yuko macho atamwambia nini, hajui, ila hatasema aliziazima.