Mashine Inayoitika

Sikuipenda ile mashine tangu siku ya kwanza, na asije mtu akaniambia kwamba nasema hivi kwa sababu ya yaliyotokea baadaye. Waulizeni niliofanya nao kazi Korogwe. Niliizoea, nikaiendesha vizuri kuliko wanaume wawili walionitangulia kwenye kiti kile, lakini kuipenda, hapana.

Ilikuwa mwaka 1974. Chumba cha teleksi, mashine ya kuandikiana kwa waya, kilikuwa nyuma ya ofisi ya wilaya, dirisha lake likitazama reli. Aliyekuja kutufungia mashine alikuwa fundi Simeo Hiza, Msambaa wa Bungu, kwa hiyo mtani wangu, maana mimi ni Mzigua wa Handeni. Alihangaika siku nyingi akienda na kurudi kati ya Korogwe na Handeni na sanduku lake la vyombo, kwa sababu mashine mbili haziwezi kuongea mpaka ziende mwendo mmoja. Ile ya Handeni ilikuwa inakimbia zaidi kidogo kuliko yetu. Nikiandika habari za asubuhi huku, kule zinatoka takataka za herufi na namba. Hiza anakaza hapa, analegeza pale, ananipigia simu ya kawaida kuniuliza kwangu kumetoka nini, namsomea takataka zake, anacheka, anaanza upya. Siku sentensi nzima ilipotoka bila kosa alininunulia chai na maandazi.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuzipa mashine majina. Ndani ya kila moja kuna kigurudumu chenye meno membamba ya chuma. Hiza alishika koleo, akavunja baadhi ya meno na kuacha mengine kwa mpangilio anaoujua yeye, na meno yaliyobaki yakawa jina. Tangu hapo, nikizungusha namba ya Handeni na kubonyeza kitufe cha kuuliza "wewe ni nani", mashine ya kule ilijiandika yenyewe kwenye karatasi yangu: HANDENI. Haikuhitaji mtu. Maadamu umeme upo, ilijibu.

"Nimewatengenezea Wazigua mtu wa kuitika upesi," Hiza aliniambia huku akikusanya vyombo vyake. "Maana ninyi mtu awaite mpaka koo limkauke."

Nilicheka, kwa kuwa hakusema uongo. Nyumbani kwetu Kwedihungo, baba alitulea hivyo. Sauti ikikuita kutoka nje, na mwenyewe humwoni, huitiki. Ikiita mara ya pili, bado unanyamaza. Ya tatu ndipo unasema abee. Mtu mwenye shida na wewe hachoki kuita, alisema baba, lakini kile kisicho mtu huita mara moja tu, na ukikiitikia umekwisha. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwitikia shangazi kabla ya wakati, kumbe yuko nyuma ya nyumba tu anatafuta kuni, na bado baba alinifinya sikio mpaka likavimba. Kwenye jambo hilo hakuwa na mzaha.

Mwezi uliofuata baba alikuja Korogwe kutazamwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amekomaa, baba haoni ila mwanga na vivuli. Nikamketisha kwenye benchi la chumba cha teleksi nimalize zamu. Nikaizungusha Handeni, nikabonyeza, mashine ikagonga jina lake kwa kelele zake zile.

"Nani huyo ameitika?" aliuliza.

Nikamwambia ni mashine ya Handeni, na kwamba hakuna mtu.

"Hakuna mtu ndani, na imeitika mara ya kwanza?"

"Ndiyo, baba."

Aliinuka, akaupapasa mlango kwa fimbo, akasema atanisubiri nje. Nilimtania njia nzima mpaka stendi, naye hakucheka hata kidogo. Kabla ya kupanda basi alinishika mkono akaniambia nisiwe nakaa peke yangu na kile kitu.

Kiangazi kile Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu kwenye vijiji vipya ikafika kwetu. Watu wa Kwedihungo walitakiwa kuhamia kijiji kipya kando ya barabara, penye shule na zahanati, kama ilivyokuwa ikisemwa redioni. Baba hakukataa. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye walijitokeza watu wa kusema alikuwa mbishi. Alikuwa amefunga mkeka na sufuria yake tangu mapema. Tatizo lilikuwa macho, na miguu nayo ilikuwa imevimba, hawezi kupanda lori. Wakubwa wa Operesheni wakasema wazee na wagonjwa watulie majumbani, gari la hospitali litawafuata. Bi Hamisa, jirani aliyekuwa akimpikia, alichukuliwa na lori la kwanza. Akamwachia muhogo wa kuchemsha na mtungi wa maji, akamwambia asubiri.

Kilichonikosesha usingizi ni habari kwamba nyumba zilizokwisha kuhamwa zinachomwa ili wenyewe wasirudi. Madereva wa malori walikuwa wakisimulia hotelini kama wanaosimulia mpira.

Kwa hiyo Alhamisi, saa nne asubuhi, ujumbe ulipotoka Tanga nikiwa mimi kwenye kiti, nilikaribia kulia kwa furaha. Uliagiza nyumba za wazee na wagonjwa zisiguswe mpaka gari la hospitali liwe limewachukua, na mgambo wa Kwedihungo waambiwe siku hiyohiyo. Kazi yangu ilikuwa kuupeleka Handeni. Nikazungusha namba, laini ikakamata, nikauliza wewe ni nani, nikajibiwa HANDENI. Nikauandika wote, taratibu, bila kosa. Mwishoni nikauliza tena. HANDENI.

Nikangoja Muhidini, mwendeshaji wa kule. Huyu alikuwa mtu wa maneno mengi, kila ujumbe lazima akujibu amepata, akuulize hali, akulalamikie bei ya sukari. Karatasi haikusogea. Nikaandika: MUHIDINI UPO. Kimya. Nikabonyeza kitufe, na mashine ikaandika HANDENI upesi, kwa adabu, kama ilivyofundishwa.

Nikapiga simu ya kawaida. Iliita mpaka ikakatika yenyewe, nikapiga tena, ikaita vilevile. Nikampelekea habari mkuu wangu, Ndugu Jonathan, nikamwambia nadhani kule hakuna mtu. Alisoma karatasi yangu akainuka kwenye kiti kuniwekea mhuri wa kwamba ujumbe umefika. Simu ya Handeni ni mbovu siku zote, alisema, ila teleksi ni nzima.

"Imejibu, Tatu. Unataka ijibu mara ngapi?"

Hasira iliyonipata siwezi kuieleza. Simu ilikuwa inatuambia ukweli, kwamba inaita na hakuna anayepokea, na huyo ndiye aliyeonekana mwongo. Aliyesadikiwa ni yule anayeitika. Niliomba ruhusa ya kwenda Handeni, nikanyimwa.

Mchana nilimfuata Hiza kwenye karakana yake. Nikamuuliza kama mashine inajibu hata chumba kikiwa kimefungwa. Akasema inajibu. Nikamuuliza kama inajibu hata karatasi ikiwa inaanguka sakafuni na hakuna wa kuisoma. Hapo akaweka kikombe chini, na utani wote ukamtoka usoni. Alitoka akanitafutia nafasi kwenye lori la mahindi, la mapema zaidi likawa la Ijumaa asubuhi. Nilipanda bila ruhusa ya mtu.

Ofisi ya Handeni niliikuta tupu. Jenereta lilikuwa likinguruma nyuma, na mlinzi, Mzee Mdoe, amekaa kivulini peke yake. Nikamwamkia, akaniitikia. Akaniambia wafanyakazi wote walichukuliwa Jumatano kwenda kusaidia kuandikisha watu kwenye kijiji kipya, Muhidini naye, akiwa na ufunguo wa chumba mfukoni. Na jenereta? Hakuna aliyemwambia alizime.

Nilizunguka hadi dirishani, nikachungulia kwenye wavu. Karatasi ilikuwa imeshuka kutoka kwenye mashine mpaka sakafuni, imejikunja juu ya saruji, na maneno yangu yalikuwa juu yanasomeka. ZISIGUSWE. Chini yake kidogo, MUHIDINI UPO. Nikiwa bado nimeushika ule wavu, mota ikaanza kuzunguka yenyewe. Kigurudumu kikageuka, mashine ikatikisika juu ya meza, ikaandika HANDENI, kisha ikatulia. Kuna mtu mahali fulani aliyeuliza, akajibiwa, akaridhika.

Mzee Mdoe alinipa baiskeli yake. Sikumbuki njia. Nakumbuka harufu, iliyonipokea kabla sijaona kitu, na kuku waliokuwa wakizurura kwenye viwanja bila wenyewe. Kuta za udongo zilikuwa zimesimama, paa hakuna. Mbele ya nyumba yetu walikuwapo mgambo watatu na majembe, na waliponiona mmoja alivua kofia. Sikuhitaji kuambiwa.

Kulikuwa na kanga juu ya kitu fulani pale penye mlango. Fimbo yake, nusu imeungua, ilikuwa kando. Walisema walimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya mlango, mzigo wake umeegemezwa ukutani, na kwamba pengine moshi ulimwahi kabla ya moto. Aliyekuwa akisema ni kijana wa Mnyuzi, Mikaeli jina lake. Waliichoma jana alasiri, alisema. Amri ilikuwa nyumba zote.

"Hamkuangalia ndani?"

"Mlango ulikuwa umefungwa, dada. Kiongozi wetu alisimama pale kwenye mkorosho akaita. Alimwita kwa jina, Mzee Mhina, kwa sauti kabisa. Hakuitika mtu. Tukajua gari la hospitali limeshamchukua."

Nilimwona baba. Nilimwona amekaa kwenye kigoda, ameinua kichwa, anaisikia sauti asiyoijua ya mtu asiyemwona, mkono tayari uko kwenye fimbo, anangoja.

"Aliita mara ngapi?" nikamuuliza.

Mikaeli aliwatazama wenzake, kisha akatazama kofia yake.

"Mara moja," alisema. "Palikuwa kimya. Tulikuwa na nyumba nyingine."

Nilikaa chini kwenye majivu, karibu na ile kanga. Nikamwita baba mara ya pili. Kisha nikamwita mara ya tatu.