Giza la Pembeni

Fundi wa televisheni kununua televisheni mpya ni aibu, na fundi huyu aliijua aibu hiyo vizuri kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wateja wake. Kwa miaka ishirini na sita, kila aliyeingia kibandani kwake amekumbatia televisheni, akiuliza kama si bora aitupe anunue nyingine, alijibiwa neno lilelile: "Iache hapo, rudi Ijumaa." Maduka aliyasema vibaya. Alisema ni ya watu wenye haraka na wavivu wa kufikiri. Wateja walicheka, wakaenda zao, na Ijumaa televisheni zao zilikuwa zinawaka.

Sasa ilikuwa siku ya tatu mfululizo anasimama mbele ya duka kubwa la vyombo vya umeme, kofia ameishusha usoni kama mdaiwa, akitazama televisheni bapa iliyotoka wiki hiyohiyo. Bango lilisema ni toleo jipya, inchi hamsini na tano, mwanga sawasawa mpaka pembezoni. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomnasa. Aliyasoma, akaondoka, akarudi, akayasoma tena.

Tuseme mapema, mtu asije akadhani habari hii ni ya kioo. Mke wa fundi alikuwa anapofuka. Televisheni yao ya nyumbani haikuwa na ubaya wowote. Mke hakujua, mume hakujua, na kila siku waliyokaa bila kujua iliondoka na kipande kingine cha macho yake.

Ilianza miezi kumi na moja nyuma. Mkewe alikuwa mshonaji wa nguo, na jioni hiyo alikaa mbele ya taarifa ya habari akishikiza vifungo vya shati la mteja. Akainua uso akasema, "Fundi, hii TV yako ina giza pembeni."

Alimwita Fundi tangu siku alipompelekea redio ya mama yake, akiwa msichana, na ndoa na watoto watatu havikubadilisha kitu.

Fundi akatazama. Hakuona giza. Mume mwingine angesema, mbona mimi sioni, na pengine wangebishana, na katika kubishana ukweli ungejitokeza. Lakini huyu hakuwa mtu wa kumbishia anayelalamikia picha. Ujanani aliwahi kumrudisha mzee mmoja mara tatu, akimwambia televisheni yake ni nzima, kumbe ilikuwa inaharibika ikishapata moto tu, na kibandani haikuwahi kuwaka muda wa kutosha. Ile fedheha haikumtoka. Tangu siku hiyo alishika kanuni moja: kuna ubovu unaojificha fundi akifika, kwa hiyo anayekaa na televisheni ndiye wa kuaminiwa. Ilikuwa kanuni nzuri. Ilimpa jina mtaani na ililisha familia yake.

Tena giza la pembeni ni ugonjwa unaojulikana. Nyuma ya kioo kuna kanda za taa ndogondogo, na zikianza kufa mara nyingi huanza kwenye kona. Hata kufikiri hakuhitaji. Akaifungua, akabadilisha kanda zote, akaifunga.

"Sasa je?"

"Sasa nzuri," mkewe akasema. Alisema hivyo kwa sababu mume alikuwa amekunja mgongo sakafuni tangu mchana, na pia kwa sababu alikuwa amemweleza ule ugonjwa vizuri mno hata akaamini umepona.

Baada ya wiki mbili giza likarudi. Fundi akabadilisha bodi ya kuendesha taa. Mwezi uliofuata akabadilisha karatasi nyeupe za kusambaza mwanga. Akabadilisha bodi kuu. Mwisho akatoa kioo kizima kwenye televisheni ya mteja aliyehama bila kurudi, akakipachika pale kwa mikono iliyotulia kama ya mshona vidonda. Katika televisheni ile ya kwanza likabaki bati la mgongoni tu. Na bado mkewe, kwa sauti ya kuona haya, kama aliyekosa yeye, alisema, "Samahani, Fundi. Limerudi. Safari hii limesogea ndani zaidi."

Dalili nyingine zilikuwa wazi, kwa anayetaka kuziona. Alikuwa anaangusha vikombe vilivyokaa mkono wa kulia. Alikuwa na michubuko mabegani ya kugonga miimo ya milango, na fundi alimtania kwamba nyumba imeanza kumchukia. Binti yao mkubwa alipokuja kuwasalimu alimwona mama yake akipishana na kiti kwa shida, akasema, "Mama, nenda ukapime macho."

"Macho yangu?" mama akasema. "Lete sindano."

Akaletewa sindano ndogo kuliko zote na uzi mweusi, jua limeshazama, na akapitisha uzi mara moja bila kukodoa. Wakacheka wote. Fundi alicheka kuliko wote, akapiga na paja, na habari za macho zikaishia hapo. Walikuwa hawajui kwamba ugonjwa huu ukianza huacha katikati. Katikati ya jicho, pale penye tundu la sindano, mkewe alikuwa anaona kama kijana.

Ndivyo fundi alivyofika mbele ya lile duka. Kununua maana yake ni kukiri kwamba ameshindwa na televisheni ya nyumbani kwake, na mtaani habari kama hiyo haikai siku mbili. Kutonunua maana yake ni kumwacha mama watoto anyong'onyee mbele ya picha mbovu, yeye ambaye hakuwahi kumwomba kitu kikubwa maishani. Alipima huku, akapima huku. Usingizi ukampaa. Siku ya nne akapiga moyo konde, akamwambia mkewe avae waende kuiona.

Walienda Jumamosi asubuhi. Mkewe alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, akamshika mkono njia nzima, na fundi akadhani ni mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, lakini zaidi alikuwa anaogopa kingo za barabara.

Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, mdomo haukauki. "Karibuni, mzee, karibu mama. Hii mnayoiona hapa imetoka juzi, na zilizokuja ni chache. Sogea, mama. Utaona mpaka vumbi kwenye viatu vya mtangazaji."

Mkewe akasimama mbele ya kioo kile kikubwa. Kulikuwa na picha ya shamba la maua ya njano, limejaa kutoka pembe hadi pembe. Alitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia mumewe na kusema polepole, muuzaji asisikie, "Hii nayo ina giza pembeni."

Muuzaji alisikia. "Mama, hapana. Hii haina."

Na fundi, Mungu amsamehe, akaingia vitani upande wa mkewe. Alimwambia muuzaji kwamba mteja akisema picha ina kasoro asikilizwe, kwamba toleo jipya si kitu, kwamba viwanda siku hizi vinatoa takataka. Akainama kukagua kingo za kioo, pua karibu iguse. Kingo zilikuwa zinawaka njano tupu. Akajiambia huu ni ubovu wa toleo zima.

"Njoo uone ya jirani yake," akamwambia mkewe.

"Hiyo pia."

"Na hii ya kona?"

"Hiyo ndogo iko sawa ukisimama mbali. Ukikaribia, nayo vilevile."

Kulikuwa na jambo moja ambalo fundi aliwafundisha vijana wote waliopita kibandani kwake, siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuwapa bisibisi: badilisha kifaa kimoja kimoja, na kama umebadilisha vyote na ugonjwa upo palepale, basi ugonjwa hauko kwenye vifaa. Yeye nyumbani alibadilisha vyote. Hapa kabadilisha na televisheni tatu nzima. Kilichobaki bila kubadilishwa kilikuwa kimesimama kando yake kwenye gauni la buluu.

Aliinua mkono taratibu, akaupeleka ubavuni mwa uso wa mkewe, usawa wa sikio, akachezesha vidole. Mkewe aliendelea kutazama maua. Akausogeza mbele kidogo, kwenye shavu. Bado. Ulipofika karibu na pua ndipo mkewe alipostuka, akasema, "Ah, unanitisha."

Muuzaji alikuwa ameona yote. Alishika miwani yake, akaivaa. Fundi aliomba kiti, akaketishwa yeye, na mkewe akabaki amesimama akiuliza kuna nini.

Kwenye kliniki ya macho walimkalisha mkewe mbele ya chombo, kidevu juu ya kibao, wakampa kitufe. Kila akiona nukta ya mwanga abonyeze. Fundi alikaa nyuma ya pazia, akahesabu mibonyezo. Chombo kililia mara nyingi, na kitufe kilibonyezwa mara chache mno, na katikati yake kulikuwa na vipindi virefu vya kimya ambamo alitamani kuingia akibonyeze yeye.

Daktari, mtu mpole mwenye sauti ya chini, akaweka mezani karatasi mbili. Kila moja ilikuwa na duara, na kila duara lilikuwa jeusi kuanzia nje, limebakiwa na tundu jeupe katikati. "Ni presha ya macho," akasema. "Inakula kutoka pembeni, haiumi, ndiyo maana watu hawaigundui. Dalili mlianza kuziona lini?"

"Juzijuzi tu, daktari," mkewe akajibu upesi.

Fundi akamtazama. Alikuwa ameketi wima, pochi mapajani, akisema uongo kwa uso mkavu ili mumewe asiaibike mbele ya mtu mwenye elimu.

"Miezi kumi na moja," fundi akasema. "Aliniambia tangu siku ya kwanza. Aliniambia mimi, na nikawa natengeneza televisheni."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mngekuja wakati ule," akaanza, kisha akawatazama wote wawili na kuliacha hapo. Aliendelea na mengine: matone asubuhi na jioni bila kukosa, huenda na upasuaji wa kushusha presha. Kilichokwenda hakitarudi. Watapigania hicho kilichobaki, na hakuna anayeweza kuahidi kitadumu kwa muda gani.

Njiani kurudi fundi alisema atainunua ile televisheni. Aliamua palepale kwenye benchi la kliniki. Hata kubwa zaidi, akasema, ile inayofunika ukuta, na mtaa useme utakavyo.

"Kubwa ya nini?" mkewe akasema. "Haitaingia."

"Sebule inatosha, nimepima."

"Sizungumzii sebule." Akasimama, akakunja kidole gumba na cha shahada vikawa duara dogo, akaliweka mbele ya jicho. "Nimebakiwa na hivi. Ukileta hilo likubwa, nitakaa naangalia pua ya mtangazaji mwezi mzima."

Aliyasema kwa kumtania. Wakatembea. Hawakuzungumzia tena kununua.

Jioni fundi aliburuta viti mpaka ukuta wa mwisho, mbali na televisheni kadiri chumba kilivyoruhusu. Alimtilia matone mkewe, tone la kwanza likaangukia shavuni. Akamkalisha. Taarifa ya habari ikaanza.

"Sasa?"

"Sasa naiona yote. Mpaka pembeni."

Hili lilikuwa kweli, na ndilo lililomuumiza. Kazi ya miezi kumi na moja, bodi na kanda na vioo, ingetimizwa kwa kusogeza kiti, na kama angesogeza kiti siku ya kwanza, labda angejiuliza kwa nini. Akakaa kwenye kiti cha pili, kando ya mkewe, bega kwa bega. Wakatazama. Muda ukapita.

"Fundi, uko hapo?"

"Si nimekaa hapa ubavuni kwako."

"Najua. Nakusikia unavyopumua." Aliendelea kutazama mbele. "Ukikaa upande huo sikuoni. Sikutaka kukwambia, nilidhani ni uzee tu. Karibu mwaka sasa jioni nakusikia tu. Ukiniuliza picha imekaaje, nilikuwa nasikia sauti inatoka gizani."

Fundi alinyanyuka, akachukua kigoda alichokalia akifungua ile televisheni, akakiweka mbele, chini kabisa ya kioo, akaketi amemwelekea mkewe, habari zikiendelea kusomwa mgongoni mwake.

"Sogea kushoto kidogo," mkewe akasema. "Kidogo tena. Hapo."

Mkewe alimtazama bila kupepesa. Fundi alijikaza, akajikaza tena, kisha uso ukamshinda. Akaugeuza ukutani.

"Usigeuke," mkewe akasema. "Huko umepotea. Rudi hapa ulie."

Akarudi.