Meneja Anavuja

Katika mji ule hapakuwa na fundi wa dizeli aliyemfikia Mama Poda, na hilo hata wasiompenda walilikubali. Wala hakuwa na wengi wa kuwashinda. Walikuwa wawili tu: mmoja alihama, na wa pili alikuwa mumewe, akafa.

Jina la Poda alilipata kazini. Gari la dizeli likivuja, mafuta hutambaa juu ya mabomba na kudondoka mbali na yalipotokea, ndiyo maana fundi mwenye haraka hubadilisha kitu kisicho na kosa. Mama Poda alipangusa kila kitu mpaka kikakauka, akanyunyiza poda ya watoto wachanga kuanzia kwenye tangi mpaka kwenye nozeli, akawasha injini, kisha akakaa kwenye kigoda na kusubiri. Poda ilipolowa, ugonjwa ulikuwa hapo.

Jumatatu asubuhi mkwe wake, mume wa binti yake kitinda mimba, alimletea pikapu ya Bohari ya Mbegu. Alikuwa na mwaka wa sita akiiendesha.

"Shikamoo, mama. Mafuta yanapungua. Jioni naacha sindano ya geji iko nusu, asubuhi naikuta robo. Meneja amenipa mpaka Ijumaa. Gari lisipoonekana linavuja, mwizi ni mimi, na kazi sina."

"Marahaba. Lete mikono."

Alimnusa viganja vyote viwili mbele ya wateja. Vilinuka sabuni, na hilo nalo likamtia shaka. Yeye alimpenda mkwe wake, lakini mtu mwenye ufunguo wa tangi hupendwa huku jicho moja liko wazi. Mchana akampigia binti yake simu, akamwambia amnusie shati la mumewe, na amwambie kama bwana huyo ana mipango yoyote mipya.

"Shati linanuka jasho, mama," binti akajibu. "Na mpango alio nao ni wa kulala."

Basi kazi ikaanza. Mama Poda aliiacha injini iungurume saa nzima, poda ikabaki nyeupe pe, kama mgongo wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akachunguza hata vile vimipira vyembamba vinavyorudisha kwenye tangi mafuta yaliyozidi, maana vikizeeka hupasuka bila kumwambia mtu. Vilikuwa vizima. Akaunganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, aone kama gari linavuta hewa. Halikuvuta hata povu moja.

Jioni akaenda bohari yenyewe, akaegesha pikapu pale inapolala siku zote, akatandika maboksi mapya chini yake kuanzia mbele mpaka nyuma. Asubuhi akayakuta maboksi makavu. Sindano ilikuwa robo.

"Sasa?" mkwe akauliza. Alikuwa amesimama mbali kidogo na tangi, kama mtu aliyezoea kutazamwa.

"Sasa linavujia mahali pengine."

Aliposema hivyo alikuwa ameshageuka, maana harufu ya dizeli ilikuwa ikitoka ofisini. Akaifuata koridoni, akapita kwenye magunia ya mahindi ya mbegu, akaingia chumba cha Meneja bila kubisha. Karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, alikuwa amepiga magoti akimwaga pumba za mbao chini ya kiti. Meneja alikuwa anasoma barua. Miguu alikuwa ameinyanyua kwa adabu ili asimzuie mwenzake kufanya kazi.

"Bosi, samahani," Mama Poda akasema. "Unavuja."

"Najua, fundi. Nimeandikiwa vidonge."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze," Karani akajibu kutoka chini. "Mwanzo yalikuwa matone tu. Tukabadilisha kiti mara mbili, tukidhani ni kiti."

Mama Poda akaomba ruhusa ya kumpima. Meneja akavua koti na viatu, akakunja suruali mpaka juu ya magoti. Fundi akampangusa kwa tambara safi, akamnyunyiza poda kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Haya, washa."

"Niwashe nini?"

"Panda ngazi ya ghala, ushuke."

Safari ya kwanza alirudi mweupe. Safari ya pili goti la kushoto likalowa, kikafuata kiwiko cha mkono huohuo. Ilikuwa dizeli ya manjano, nzuri, haina takataka. Mama Poda aliikinga kwa kikombe, ikajaa nusu, akaenda kuitia kwenye pikapu. Pikapu ikawaka mara moja.

Alirudi akifuta mikono. "Viungo vyako vizima, bosi. Shida ni kwamba yanaingia mengi kuliko unayochoma. Kwenye gari yanayozidi hurudi kwenye tangi. Wewe hukuwekewa mpira wa kurudishia."

"Na yanaingiaje?" Karani akauliza, macho yakiwa dirishani.

"Kwa mdomo. Mtu akinyonya tangi la gari kwa mpira, hata awe hodari vipi, funda la kwanza atameza kidogo. Akinyonya kila jioni, si kidogo tena."

Meneja alicheka, tone likamdondoka kidevuni. "Fundi, mimi sijawahi kuonja dizeli tangu nizaliwe. Labda dereva ameniambukiza. Nakaa naye garini kutwa nzima."

Ikawa haki na dereva naye apimwe. Mkwe akavua shati, akageuzia uso ukutani, maana kupakwa poda na mama mkwe si jambo la kutazamana. Akapandishwa ngazi mara nne. Meneja akasema bado, akapandishwa ya tano. Alishuka mweupe kama alivyopanda, ila anahema.

"Mkavu," akasema Mama Poda, na tangu Jumatatu, hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupumua vizuri.

Ijumaa saa nne wakakutana ofisini. Chini ya kiti cha Meneja lilikuwepo beseni la bluu, na Karani alikuwa ameandaa daftari la kikao.

"Tulikubaliana nini?" Meneja akaanza. "Kwamba gari lisipovuja, mwizi ni dereva. Fundi, gari linavuja?"

"Gari halivuji. Unayevuja ni wewe."

"Andika: gari halivuji. Hilo lingine ni suala la afya, na lina faili lake."

"Lakini bosi," mkwe akasema, "mimi nimekutwa mkavu!"

"Ndiyo. Mafuta yamepotea, na wewe huna hata tone. Sasa umeyapeleka wapi?"

Karani akaandika na hilo. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari imechapwa tangu Jumatano. Meneja akatia sahihi, Karani akagonga muhuri, na mkwe akaweka funguo za pikapu mezani, moja ya mlango na moja ya tangi. Alikuwa na watoto watatu, wa mwisho hajaota meno. Akasimama mlangoni na koti lake mkononi, asijue kama anatakiwa kuaga.

Mama Poda hakutegemea barua ichanwe. Alikuwa ameishi vya kutosha kujua kwamba muhuri ukishakauka, umekauka. Alitaka tu mkwe wake aondoke na kitu cha kumwambia mkewe. Akatoa kwenye kikapu glasi ndogo iliyojaa nusu, akaiweka mbele ya Meneja.

"Bosi, kabla hujanisainia kwamba nimerudisha gari. Hii nimeitoa chini ya chujio. Macho yangu yamezeeka, sijui ni maji au ni dizeli. Hebu nisaidie."

Meneja alikuwa anatafuta mahali pa kusaini. Bila kuinua uso alichovya kidole, akakiramba, akamumunya mdomoni kama mtu aonjaye mchuzi.

"Dizeli hii, ila umeitia mafuta ya taa. Ya kwetu huwa tamu kidogo mwishoni."

Beseni likapokea tone, kisha lingine. Karani alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari.

"Umejuaje, bosi?" akauliza. "Niandike nini?"

"Nimenusa tu," akasema Meneja, na kidole kilikuwa bado mdomoni.